Mzee, Wewe Una Uzoefu

Aliyesema umoja ni nguvu hakuwahi kufanya kazi ya kikundi chuoni. Angeifanya hata mara moja, methali ingetufikia ikiwa na masharti: umoja ni nguvu, mradi usiwe wa watu wanane, usiwe na kundi la WhatsApp, na asiwemo humo mtu mwenye mvi.

Mwenye mvi ni mimi. Nasoma stashahada kwa madarasa ya jioni, katika chuo ambacho sitakitaja kwa sababu ada sijamaliza. Mchana ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi huko Temeke. Jioni nakaa dawati moja na vijana ambao baba zao nilicheza nao chandimu.

Wana adabu, siwezi kuwasingizia. Nikiingia darasani shikamoo zinanijia kutoka pande zote hadi nachoka kuitikia. Ila nimejifunza kuiogopa shikamoo ya chuoni. Ya mtaani huishia kwenye marahaba. Ya chuoni ina kiambatanisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ile sehemu ya utangulizi tumeona uandike wewe. Wewe una uzoefu."

Uzoefu wa nini? Miaka yote hii nimehesabu misumari, bati na mifuko ya saruji. Tabaka la ozoni halijawahi kupita stoo kuchukua mzigo.

Mada tuliyopewa ilikuwa matishio ya kimazingira. Tufanye utafiti, tuandike ripoti, tutengeneze slaidi, kisha tusimame mbele ya darasa na kila mmoja aseme chochote. Mhadhiri alitugawa kwa kufuata orodha ya majina, bila kuuliza nani anakaa wapi. Matokeo yake kundi letu lilianzia Bunju, kule Dar es Salaam inakokaribia kuwa Bagamoyo, likapita Mbweni, Goba na Tandika, likashuka Yombo na kuishia kwangu Chamazi, ambako usiku ukipiga honi wanaokujibu ni vyura.

Wenzangu nitawatambulisha kwa vituo vyao vya daladala. Yupo binti wa Bunju, mwenye bando lisiloisha na maneno yasiyoisha. Yupo bwana mdogo wa Goba, ambaye siku ya kwanza kabisa aliuliza tutavaa nguo gani. Kijana wa Tandika anauza viatu vya mtumba, na tangu nimfahamu yuko njiani anakuja. Dada wa Mbweni ana gari, kwa hiyo ana foleni. Mama wa Yombo ana mtoto mchanga na ndiye pekee mwenye sababu halali za kuchelewa, naye ndiye huwahi. Kijana wa Mabwepande haongei. Wa mwisho ni mwenzetu ambaye hadi leo namjua kwa picha ya simba aliyoiweka kwenye simu. Sauti yake sijawahi kuisikia, ila kundi lilipofunguliwa aliandika sentensi moja nzito: "Wadau, mimi nitachangia mawazo."

Anayechangia mawazo ni mtu wa kukimbiwa. Kwenye harusi hutoa wazo la ukumbi mkubwa na mchango hatoi. Kwenye msiba hutoa wazo la kuchinja ng'ombe na kuni hapasui.

Kikao cha kwanza kilitakiwa kufanyika Magomeni, kwa hoja kwamba ni katikati. Siku hiyo mvua ikanyesha. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi, lakini kwa mgeni niseme tu kwamba mvua ikiwa na bidii kidogo, mto Msimbazi huacha njia yake na kuja kupanda barabara pale Jangwani. Barabara inafungwa, daladala zinageuza, na mabasi ya mwendokasi, ambayo karakana yao ilijengwa humohumo bondeni, yanabaki kusubiri huruma ya maji. Sasa hivi kuna mradi wa Benki ya Dunia wa kuliendeleza bonde zima, na daraja la juu limo ndani yake. Siku yetu sisi maji yalikuwa bado hayajaarifiwa.

Basi watu wanane wa kujadili matishio ya kimazingira tulizuiwa na tishio la kimazingira kukutana kulijadili. Nilidhani mada imejipata yenyewe. Nikaandika kundini: "Wanangu, tuandike hiki hiki." Nikapata vidole gumba na "pamoja sana" kadhaa. Kisha binti wa Bunju akatuma slaidi ya kwanza ya utafiti wetu. Ilikuwa na dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu.

Simchukii dubu. Nasikia barafu yake inapungua, na namwonea huruma kama ninavyomwonea mpangaji yeyote. Lakini huyo dubu simwelewi anavyopata nafasi ya kwanza katika kila kazi ya mazingira inayoandikwa na mtu wa njia ya Bagamoyo. Baada ya dubu ukaja msitu wa Amazon ukiwaka moto. Baada ya Amazon zikaja bomba za viwanda vya Ulaya zikifuka moshi. Kijana wa Tandika, akiwa njiani, alituma picha ya kasa aliyenasa kwenye neti, na chini yake maandishi ya tovuti aliyoinakili, pamoja na sentensi ya kuomba ukubali vidakuzi.

Bwana mdogo wa Goba aliona tunakosa uzalendo, akaleta Kilimanjaro. Nikafurahi. Nikafungua slaidi: theluji ya Kilimanjaro inatarajiwa kutoweka kabisa kati ya mwaka 2015 na 2020.

"Mwanangu," nikamwandikia, "hii 2015 unayoitarajia ilishapita."

"Ni utafiti, mzee. Una chanzo."

Chanzo kweli kipo. Mwaka 2002 wanasayansi wakiongozwa na Mmarekani Lonnie Thompson walichapisha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2000 mlima ulipoteza karibu asilimia 80 ya barafu yake, na kwa mwendo huo ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Kupungua kunaendelea, hilo halina ubishi. Lakini barafu haikusoma makala, bado ipo, na basi la Moshi likifika asubuhi isiyo na mawingu abiria wote wanaiona bure. Bwana mdogo hakutaka kubadilisha. Alisema mhadhiri hapandi mlima, anaangalia kama kuna chanzo.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa usomi wa kikundi chetu. Kitu kikiwa mbali ni sayansi, kikiwa mlangoni kwako ni malalamiko.

Nilijaribu kuwasogeza nyumbani taratibu. Nikawaambia habari ya hoteli ya Africana, iliyokuwa fahari ya ufukwe wa kaskazini mwa jiji hadi bahari ilipoumega mchanga wa chini yake na wenyewe wakaitelekeza. Leo wanaoitaja Africana ni makonda, maana jina limebaki kituo cha daladala. Watafiti waliofuatilia mmomonyoko wa Kunduchi walitaja, pamoja na mengine, uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha ufukwe ule. Mto ukinyang'anywa mchanga wake, bahari nayo inakosa cha kurudisha pwani, inaanza kula ilichokikuta. Mimi kama mtu wa stoo ya ujenzi nilikiona kisa kizima: sehemu ya ufukwe wetu imesimama Tegeta na Mbezi, imepigwa plasta na kuwekewa geti jeusi.

"Mzee, hizo ni stori," akasema binti wa Bunju.

Nikawaletea mchicha. Mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa mboga za majani zinazolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakipima madini mazito kama risasi na kadimiamu. Chanzo kipo, jarida lipo, mwaka upo. Dada wa Mbweni akasema tusiweke, itawaharibia watu chakula cha mchana.

Kikao cha ana kwa ana tulikipata hatimaye kwa mama lishe mmoja Kinondoni, chini ya turubai. Binti wa Bunju alifungua kwa mada ndogo ya ukataji miti. Aliongea vizuri sana juu ya mkaa, kwamba unamaliza misitu, kwamba Dar es Salaam ndiyo inayoongoza kwa kuula, kwamba misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe imetafunwa tukiitazama. Wakati huo wali maharage aliouagiza ulikuwa jikoni, na jikoni palikuwa na mkaa.

Mama lishe alisikiliza huku akipepea. "Wanangu, mkaa huo mnausomea chuo?"

"Ndiyo, mama. Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia."

"Mtungi ninao." Akaonyesha kwa mwiko. Kweli ulikuwepo, umetandikwa kitambaa safi, na juu yake limekaa beseni la kachumbari. "Gesi iliisha. Nikauze sahani ngapi za wali ndiyo niujaze, na wewe mwenyewe hapo umeomba nikupunguzie mia tano?"

Hiyo ilikuwa data ya msingi, iliyokusanywa uwandani na bila bando. Nilitazama nani anaandika. Bwana mdogo wa Goba alikuwa anaandika, lakini ni ujumbe, tena anacheka nao peke yake.

Tukiwa palepale mabishano ya mafuriko yakaanza. Dada wa Mbweni alitaka tuweke picha za Pakistani kwa kuwa zina ubora. Binti alitaka Bangladeshi. Kijana wa Mabwepande, ambaye hadi hapo alikuwa ameongea na maharage tu, akanyanyua kichwa.

"Sisi tulihamishwa na maji," akasema. "Mwaka 2011. Tulikuwa tunakaa bondeni, Magomeni huku."

Meza ikatulia. Yale mafuriko ya Desemba 2011 nayakumbuka vizuri. Mamlaka ya hali ya hewa ilisema mvua kama ile haikuwa imeonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya arobaini walikufa. Waliookolewa juu ya mapaa waliwekwa mashuleni, kisha serikali ikawapa viwanja Mabwepande, porini wakati ule, mbali na soko, mbali na kibarua, mbali na kila mtu waliyemjua. Kijana alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alisema maji yaliingia alfajiri, na yalikuwa na harufu, kwa kuwa mabondeni kwetu mvua ikishika kuna wenye nyumba wanaotapisha vyoo, ili mto uwabebee wasichotaka kumlipa mwenye gari la maji machafu. Kwa hiyo unaoukimbia siyo mto peke yake. Unawakimbia na majirani wa juu.

"Sasa hiyo tutaiwekaje?" akauliza binti, safari hii kwa upole. "Maana haina chanzo."

"Chanzo si huyo, anakula maharage," nikasema.

"Namaanisha chanzo cha kuandika, mzee. Kwa mtindo wa APA."

Wakafungua simu kutafuta namna ya kumwandika mwenzao kwa mtindo wa APA. Wakakuta mahojiano binafsi hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Kwa hiyo Mabwepande ikatolewa, Bangladeshi ikarudi.

Niliporudi Chamazi usiku huo mama watoto aliniuliza tumefikia wapi. Nikamwambia Bangladeshi. Akaniuliza kama huko nako wameniambia nina uzoefu.

Basi nikaamua nitafute kisa chenye chanzo cha kumnyamazisha kila mtu, na nikakipata mahali wasipoweza kubisha, yaani Mahakama Kuu. Ni kisa cha dampo. Wazee wa jiji wenzangu watakumbuka moshi wa Tabata, Halmashauri ya Jiji ilipokuwa ikimwaga na kuchoma taka katikati ya makazi ya watu. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji, na mahakama ikaamuru utupaji ukome. Jiji halikukoma, lilirudi mahakamani kuomba muda wa nyongeza. Jaji Lugakingira akaukataa. Alishangaa, na mshangao wake umo ndani ya uamuzi, kwamba mamlaka ya umma inakuja mbele ya mahakama kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha kwamba Katiba inalinda haki ya kuishi.

Jiji likatii kwa namna yake: likabeba taka zile zile likazipeleka Kunduchi Mtongani. Huko nako walikuwepo watu. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake zaidi ya mia saba wakaenda mahakamani. Rudia hesabu hiyo msomaji: watu zaidi ya mia saba, enzi ambayo simu ya mkononi hakuna, kundi la WhatsApp hakuna, na kutoka Kunduchi hadi mjini ni safari ya kuaga. Walikubaliana jambo moja, wakalisimamia, wakashinda mbele ya Jaji Rubama. Sisi wanane tulishindwa kukubaliana rangi ya usuli wa slaidi. Dada wa Mbweni alitaka zambarau.

Lakini kisa hakiishii kwenye ushindi, na hapo ndipo kiliponikaa kooni. Taka za Kunduchi hazikuyeyuka kwa hukumu. Zilikwenda Vingunguti. Vingunguti walipochoka zikavuka kuja kwetu Temeke, Mtoni. Mtoni palipojaa, zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, ziliko hadi leo. Dampo la jiji hili halijawahi kufungwa, huwa linahamishwa tu, na kila likihama linatafuta mahali penye watu wasio na nauli ya kwenda mahakamani. Tena Pugu ndiko kwenye vilima unakoanzia mto Msimbazi. Ukikaa Magomeni ukashangilia kwamba zimekwenda mbali, kumbuka tu mto unatoka wapi na unakwenda wapi.

Niliwatumia kisa hicho kundini usiku, chote, na namba ya kesi. Asubuhi nikakuta wamekipenda sana. Wamekipenda kiasi kwamba wote kwa pamoja walinikabidhi.

Kumbe nilikuwa sijaona kinachoendelea na slaidi zetu wenyewe. Zilianza kwa binti wa Bunju, akasema kompyuta yake inaganda. Zikahamia Goba. Bwana mdogo hakukataa, aliomba muda wa nyongeza, akapewa, akaomba mwingine, na mahakama ya kundi letu haina Lugakingira. Zikaenda Tandika, zikakaa njiani. Zikapanda Mbweni, dada akasema ana mgeni. Mama wa Yombo alizipokea, akazifanyia kazi usiku mmoja mtoto akilia, akarekebisha mengi, kisha mtoto akaugua. Kwa mwenye picha ya simba hazikufika kabisa, ila alizitolea wazo kwamba zipungue. Mwisho zikashushwa Chamazi, kwa mtu ambaye angekataa angeitwa mzee asiye na ushirikiano na vijana.

Zikabaki picha. Nikataka picha za sehemu dampo lilipopita, tuonyeshe pakoje sasa. Nikamwomba kijana wa Tandika aende Mtongani, apige chache. Kwa mara ya kwanza katika historia alifika alikokuwa anakwenda. Jioni picha zikaingia: barabara ya Kilwa, maduka ya bati, daladala za Mbagala. Alikuwa amekwenda Mtongani ya Temeke. Mahakama iliongelea Mtongani ya Kunduchi, upande wa pili wa jiji, karibu na kwa binti wa Bunju, ambaye muda wote alikuwa kundini akituma vikatuni vya kucheka.

"Mzee, ulisema Mtongani. Mimi Mtongani ninayoijua ni hii."

Nilijiandaa kukasirika, nikashindwa. Mtongani aliyokwenda iko palepale Mtoni, na Mtoni ndipo dampo lilipofikia baada ya kufukuzwa kwingine. Yaani katika jiji hili kijana anaweza kukosea wilaya nzima na bado akaangukia penye historia ya taka. Nikazitumia picha. Chini yake nikaandika Mtongani, bila kutaja ipi.

Siku ya kuwasilisha umeme ulikuwepo, projekta ndiyo haikuwepo. Ilipopatikana haikuelewana na kompyuta, na rangi zikatoka vinginevyo. Dada wa Mbweni alifurahi, zambarau yake ilitokea yenyewe.

Bwana mdogo wa Goba alikuja na suti. Sikuwahi kuona mtu anakutana na slaidi kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira akaziongelea kama amezizaa. Alitembea huku na huko, alinyoosha mkono, alisema "kama utafiti wetu unavyobainisha." Wetu! Darasa likatikisa vichwa. Binti wa Bunju akamchomeka dubu wake katikati ya Tabata na Kunduchi, sijui aliingilia wapi. Kijana wa Tandika alieleza sheria ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019, na adhabu zake, kubwa kwa mtengenezaji na ndogo kwa mbebaji, huku kwenye begi lake ikionekana mifuko laini ya viatu ya aina ileile. Mama wa Yombo alisema sehemu yake kwa dakika mbili, bila kosa, akarudi kukaa.

Kisha akasimama kijana wa Mabwepande. Slaidi yake ilikuwa Bangladeshi. Akaitazama, akaipa mgongo, akaeleza Magomeni: maji yalipofika dirishani walitokea wapi, walilala shule gani, kule Mabwepande walianza na nini, na kwamba mama yake hadi leo akisikia mvua usiku huamka kuweka vyeti vya watoto juu ya kabati. Hakutaja chanzo hata kimoja. Mhadhiri aliacha kuandika akamsikiliza. Nikamwona binti wa Bunju anafuta kitu kwenye karatasi yake. Nadhani alikuwa dubu.

Maswali yakaanza. Mhadhiri akavua miwani. "Mmesema dampo limehama Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, sasa Pugu. Likijaa Pugu, litahamia wapi?"

Kikundi kizima kikageuka kunitazama kwa heshima kubwa. Halafu kutoka nyuma ikasikika sauti nzito nisiyoijua.

"Dokta, hilo atajibu mzee. Ana uzoefu."

Alikuwa ni simba. Kumbe ni kijana mfupi tu, mwenye shati la mistari.

"Litahamia kwa asiye na wakili," nikajibu.

Darasa likacheka, mhadhiri akaandika. Nilikusudia niendelee, niseme kwamba dawa ya dampo haiwezi kuwa kulitafutia mnyonge mwingine, kwamba taka za jikoni ndizo nyingi na zingeweza kuwa mbolea mtaani humo humo, kwamba mwenye kuzalisha abebe sehemu yake. Lakini muda ulikuwa umekwisha, na bwana mdogo wa Goba alikuwa ameshaanza kuwashukuru wasikilizaji kwa niaba yetu.

Alama zilitoka nzuri. Zilitoka sawa kwa wote, mwenye suti, mwenye foleni, mwenye simba. Nilimwuliza mhadhiri kwa upole kama hakuna namna ya kupima nani alifanya nini. Akanijibu kwamba kazi ya kikundi inamwandaa mwanafunzi kwa maisha halisi ya kazini. Nikakumbuka stoo yetu, nikakosa la kubisha.

Akatangaza kazi inayofuata: upotevu wa bioanuwai, vikundi vipya, ila waliofanya vizuri wanaruhusiwa kubaki kama walivyo wakipenda. Sijawahi kuona kundi letu likiamua jambo kwa kasi ile. Hakuna aliyekuwa njiani, hakuna aliyekuwa na mgeni. Mikono saba ilinyanyuka kwa pamoja kutaka tubaki, na mimi niwe mwenyekiti.

Natafuta wakili. Asiwe ghali, na awe anafika Chamazi.